Tundu Alilolidai Kija

Mwaka 1994 redio mpya za Dubai zilijaa Mwanza kama dagaa, na Mihayo, fundi redio wa Mabatini, akabaki na mizoga ya redio kuukuu ambazo wenyewe hawakuzirudia. Mwingine angeziuza kama chuma chakavu. Mihayo alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua: je, ukizichokonoa vizuri, haziwezi kuimba zenyewe? Ziliimba, bwana! Baada ya miezi minane ya kuunganisha nyaya alipata kinanda cha vitufe kumi na vinne, chenye sauti kati ya nyuki na mbuzi.

Ikabaki kazi ya kutoboa sanduku la bati la kukitia. Sanduku lilikuwa moja tu, na ukikosea tundu, umekosea. Alichora nyuma ya kalenda, akafuta, akachora tena. Sauti gani ziingie, zipi zitoke, na zitokee wapi? Za kuingia: maikrofoni na kaseti. Ya kutoka: waya wa kwenda kwenye amplifaya na spika nne za honi.

"Na wewe mwenyewe utajisikiaje?" akauliza mkewe, Kija, huku akichambua mchele. "Spika zote zinatazama watu. Toboa na tundu la spika ndogo, uiweke miguuni pako."

"Mama Kabula, ufundi umeanza lini?"

"Tangu niolewe na fundi. Hebu toboa!"

Akatoboa, akinung'unika.

Kinanda Mihayo alikuwa anamtengenezea mjomba wake, Masele, aliyemlea tangu akiwa mdogo na aliyeongoza kundi la ngoma. Kila Juni, kwenye mashindano ya ngoma kule Bujora, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Watu wenyewe ndio waamuzi: wakikuhama, umeshindwa. Masele alikuwa amehamwa miaka miwili mfululizo, watu wakikimbilia kundi lenye fisi wa kufugwa. Akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba akishindwa tena, anatundika njuga. Mihayo akimfikiria mzee yule amekaa nyumbani bila ngoma, roho ilimuuma kweli.

Siku ikafika. Mihayo akabonyeza vitufe, honi zikanguruma, uwanja ukatikisika. Mihayo akainua kichwa kwa majivuno, akaona ajabu: watu wamejaa kule kule kwa fisi, na wanatikisa mabega kwa kinanda chake! Upande huu Masele, jasho likimtiririka, alikuwa anacheza mbele ya watu kumi.

Loo! Kumbe alikuwa anawapigia wapinzani. Mtu aje kufanya nini, wakati sauti inamfuata aliko? Macho wanampa fisi, masikio wanampa Mihayo.

Akachomoa waya wa honi.

"Umeniua, mpwa wangu!" Masele akafoka.

Mihayo akachomeka spika ndogo kwenye tundu la Kija, akaendelea kupiga taratibu.

Kule wakaanza kutazamana. Muziki umekwenda wapi? Mama mmoja akavuka uwanja, akainama, akatega sikio. "Hee! Kumbe bado kinaimba!" Wakaja watatu, wakaja thelathini, wa nyuma wakisukuma: "Nyamazeni na sisi tusikie!" Masele akaelewa. Akashusha sauti, akaimba kwa chini kwa mara ya kwanza maishani mwake, njuga zikigusana kidogo tu. Mwishowe akaja hata mwenye fisi, kamba mkononi, na fisi wake nyuma.

Jioni Masele alichuchumaa mbele ya kinanda, akawa anapapasa matundu moja moja.

"Hili la nini?"

"La kaseti, mjomba. Halikutumika."

"Na hili la pembeni, lililotuokoa?"

Mihayo akakuna kichwa. "Hilo la Kija. Mimi nilikuwa silitaki."

Masele akaanza kufungua njuga miguuni. Hakuzitundika. Alizipangusa vumbi, akazitia mfukoni.

"Mwakani," akasema, "mwache Kija apange matundu yote."