Tulienda kupima mto, uchafu ukapatikana kwa mtungi wangu

Wakuu, niaje. Hii story ni yangu mwenyewe na aibu yake pia ni yangu, kwa hivyo sina haja ya kuongeza chumvi.

Mimi hukaa Kabiro, mtaa wa Kawangware hapa Nairobi, kazi ni vibarua. Juzi nikaandikwa na daktari mmoja wa utafiti, mama mpole lakini kwa kazi hana mchezo. Tulichota maji ya mto, Kawangware mpaka Kibera, ili apime kemikali zinazovuruga homoni za mwili.

Masharti nayo!

Chupa za glasi pekee. Usipake mafuta mikononi. Na kila siku nabeba chupa moja ya maji safi kutoka lab, naifungua kando ya mto, naifunga, nairudisha. Eti kuhakikisha uchafu hautoki kwetu sisi wenyewe. Nikaona hayo ni mambo ya wasomi tu.

Siku moja huko Kibera nikateleza, ile ya maji safi ikamwagika yote. Nikaogopa kufutwa. Nikapitia nyumbani, nikaijaza maji yetu ya kunywa kutoka kwa mtungi wa plastiki. Maji ni maji, ama?

Wiki mbili baadaye daktari akaniita.

"Chupa ya maji safi iko na kemikali kama za mto. Nisipojua zimetoka wapi, natupa kazi ya mwezi mzima."

Nikaapa sijui kitu.

Siku tatu nikanyamaza, nikiwaza kibarua changu tu. Ya nne dhamiri ikanisuta, nikaenda kukiri. Nilitarajia matusi. Yeye akauliza tu, "Hiyo maji nani hunywa?"

Wakuu, ni sisi nyumbani. Bibi yangu Nafula ana mimba ya miezi sita.

Ule mtungi niliununua second-hand pale stage ya Kawangware 46. Ulikuwa umebeba sabuni ya kiwandani, na daktari akashuku kemikali zimetoka hapo. Kama mtoto ameguswa, hakuweza kusema. Alisema tu tuuache leo leo.

Nikaenda nyumbani, nikamweleza Nafula kila kitu. Hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini.

"Hizo siku tatu zote ulikuwa unaniona tu nikinywa hayo maji?"

Wakuu, ukikosea sema mapema, na uulize mtungi wako ulibeba nini kabla ya maji. Hayo nimejifunza. Lakini Nafula bado anangoja jibu. Mngekuwa mimi, mngemwambia nini?