Siku Kompyuta Yetu Ilipoombewa

Baba, karani wa reli, alinunua kompyuta kuukuu iliyotolewa ofisini kwao, akaniachia mimi niamue itiwe programu gani, maana mimi ndiye niliyekuwa chuoni. Fundi wa kompyuta wa mtaa wa Donholm alinishauri vizuri. "Mashine hii imezeeka. Ibaki na DOS, utaandika bila shida." Eti DOS! Skrini nyeusi na amri za kukariri, na wenzangu chuoni tayari walikuwa wakibofya picha kwenye Windows. "Wacha ushamba, buda," nikamwambia. "Weka Windows." Akaweka, lakini alinitazama sana.

Kwetu mtaani Mowlem kitu kipya hakikutumiwa kabla ya kuombewa. Jumapili ushirika mzima wa kanisa letu ukajaa sebuleni. Baba alikuwa amemwahidi mwenyekiti wa ushirika kwamba ratiba ya harusi ya bintiye ingeandikwa papo hapo, wote wakiona. Mama akaondoa kitambaa cha kufuma juu ya kompyuta.

"Haya, mwanangu," Baba akasema, "tuonyeshe."

Nikaiwasha. Kikatokea kile kijisaa cha mchanga cha kukwambia ungoje, na tukangoja kweli. Mashine ikakoroma. Akina mama wakaanzisha wimbo, ukaisha, wakaanzisha mwingine. Mchungaji akaiombea ipate nguvu. Jasho likanitiririka mgongoni, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Baba aliendelea kuwatabasamia wageni, mpaka nikashindwa kumtazama.

"Hizi mashine zina mambo," akasema, na chai ikaletwa mapema.

Wakiondoka, mama mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, mwanangu," akaniambia, kwa sauti ile ya matangani. Baba na Mama wakawasindikiza wageni hadi barabarani. Nikabaki peke yangu, na hapo ndipo kompyuta ilipofunguka, picha zote zimejipanga, rangi tele. Nusura niipige teke.

Baba akarudi akaikuta hivyo. Akavaa miwani, akainama, akatazama picha moja moja. Nikangoja anigombeze. Nilitaka sana anigombeze.

"Ni nzuri kweli," akasema. "Ulichagua vizuri."

Nikabofya haraka ile ya kuandikia, angalau nianze ratiba. Kijisaa kikarudi. Baba akaniwekea mkono begani, kisha akavuta kiti mezani, akatoa kalamu mfukoni na kuanza kuiandika ratiba kwa mkono.