Utosi Uliobonyea

Bado nina hasira, na sehemu kubwa yake ni juu yangu mwenyewe.

Miaka ya tisini nilifundisha sayansi darasa la sita, Mbita, mji ulio kando ya ziwa. Niliandika ubaoni na watoto wakanakili: anayeharisha anapoteza maji na chumvi, mpe maji zaidi, usimnyime. Kisha nikarudi nyumbani, nikamtazama mwanangu wa miezi minane akinyimwa maji, nikanyamaza.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Mtoto alipoharisha siku ya pili utosi ukabonyea, na mama mkwe akaamua kwamba ugonjwa wenyewe ndio huo utosi. Akasaga majani, akachanganya na samli, akaupaka ukawa mweusi ti.

"Nyar Magunga," aliniambia, yaani binti wa Magunga, maana mke wa pale huitwa kwa jina la kwao, "usimpe maji. Hiyo maji ndiyo inatoka chini."

Hapo nilipaswa kusema. Lakini nililelewa kwamba mke aliyeolewa juzi habishani na mama mkwe, na adabu hiyo naichukia mpaka leo. Mtoto alilia bila machozi. Hakuwa amekojoa tangu asubuhi. Nilijua maana yake, nilikuwa nimeisahihisha katika madaftari arobaini!

Mchana nikaaga kwamba naenda ziwani kufua, nikambeba mtoto hadi zahanati. Muuguzi, ambaye bintiye alikuwa darasani kwangu, alimfinya ngozi ya tumbo. Ikabaki imesimama kama nguo iliyokunjwa.

"Hii shimo ya kichwa si ugonjwa, mwalimu," alisema, naye amekasirika. "Maji imeisha mwilini, hata damu imepungua, ndiyo maana kichwa inaingia ndani. Sasa mnapaka nini?"

Nilimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, hadi jua likaanza kushuka. Ndipo akanikojolea mapajani, nikalia kwa furaha.

Nyumbani mama mkwe aliupapasa utosi, akakuta umejaa.

"Si unaona? Dawa imeshika."

Majirani walikuwa wameketi pale, wote wananitazama. Nikasema, "Asante, Mama."

Wiki iliyofuata mmoja wao alimleta binti yake mchanga, naye anaharisha, akapakwa utosi na kunyimwa maji. Zahanati hakupita. Apite kufanya nini, na mwalimu wa sayansi mwenyewe ameshukuru mbele ya watu? Mimi nilikuwa shuleni siku zote mbili alizougua, na habari zilinifikia mtoto ameshakufa.

Tulimzika yule mtoto Ijumaa. Watu walipoanza kutawanyika, mama yake akanishika mkono.

"Mwalimu, mbona hiyo dawa ilisaidia wako?"

Nilimtazama mama mkwe kwanza. Kisha nikamjibu yule mama kwamba sijui.