Chupa Aliyoilaza Baba Neema

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mna ruhusa ya kunicheka, ila someni hadi mwisho.

Mwanangu marehemu alikuwa mhudumu wa mezani kwenye hoteli ya watalii hapa Karatu. Mgeni Mtaliano alimpa chupa ya mvinyo mwekundu, naye akailaza stoo nyuma ya magunia ya ngano. Aliniambia, "Mama, zabibu yake inaitwa Nebiolo. Ina maringo, haikubali kila udongo. Mvinyo wake ukiwa mchanga ni mkali kama wewe, lakini ukilala miaka mingi unalainika." Tukacheka. Hakuniambia anamwekea nani.

Juzi nilisafisha stoo kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga mjukuu wangu Neema, maana anaolewa. Nikaikuta ile chupa, nikakichokonoa kizibo kwa msumari. Rangi imepauka kama tofali, chini kuna machicha, harufu kama ya lami. Mimi najua pombe ya kwetu, ikikaa siku chache imechacha. Nikammwagia nguruwe. Akalala mpaka kesho yake, nami nikajisifu kwamba nimewaokoa wageni.

Siku yenyewe Neema akasimama mbele ya watu wote. "Bibi, naomba ile chupa ya baba. Aliniahidi tutainywa siku hii."

Nikajibu ukweli kama ulivyo. "Imenywewa na nguruwe."

Wageni wakacheka wakidhani natania, mpaka walipomwona Neema anafuta machozi.

Niliiokota chupa tupu jalalani, nikaiosha, nikawaamuru wote nyumbani: "Ilazeni pale pale alipoilaza mwanangu, na mtu asiisimamishe."