Zimeni Simu Zote

Katika jengo letu hapa mtaa wa Tena, Eastlands, Nairobi, watu huniita Fundi, na kwa muda mrefu jina hilo lilinivimbisha kichwa. Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini, na kwa kuwa nilikaa karibu na kompyuta kuliko wenzangu, nikajifunza kuzifungua, kuzisafisha na kuzifufua. Mtoto wa jirani akimwaga uji kwenye kibodi, naitwa mimi. Printa ya kanisa ikikwama siku ya kuchapa ratiba ya ibada, naitwa mimi. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba sijui. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na mengine yote yalizaliwa nalo.

Miaka ile intaneti ilikuwa ya bando. Unaweka bando la wiki asubuhi, unafungua barua pepe mbili, jioni unaambiwa limekwisha. Aliyelila si wewe, ni programu zilizomo ndani ya laptopu, zinazojisasisha kimyakimya bila kuomba ruhusa. Nikaweka fayawoli, programu ya kulinda mlango: chochote kinachotaka kutoka kwenda mtandaoni kinazuiwa kwanza, na wewe mwenye mashine unaulizwa kama kiruhusiwe au kikataliwe. Siku za mwanzo nilijiona mkuu wa forodha. Kufikia wiki ya pili nilichoka kuulizwa. Nikaingia kwenye mipangilio nikaiagiza iruhusu kivinjari peke yake, ikatae vingine vyote, na isiniulize tena. Majirani wengi wenye laptopu, hata wa mtaa jirani wa Donholm, niliwawekea mpangilio huohuo, nao wakanishukuru kwa soda.

Kisha zikaja nyaya. Jirani wa ghorofa ya chini, mwanamume wa rika langu aliyekuwa ameacha udereva, alianza kuvuta nyaya za intaneti juu ya mapaa, jengo hadi jengo, na tukaacha kuhangaika na bando. Nikaisahau fayawoli kabisa. Yenyewe haikusahau nilichoiagiza.

Mama anaishi nasi tangu alipoanguka kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga. Huniita Baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. Kwao ni magharibi mwa nchi, na huko hakuwa amekanyaga tangu mazishi ya nyanya yangu. Siku hiyo alisimama atoe neno la mwisho kwa mama yake, na mjomba wangu, kaka yake wa pekee, akamnyang'anya kipaza sauti mbele ya watu akisema mwanamke aliyeolewa hana la kusema katika boma hili. Mama aliketi. Jioni hiyo alipanda basi la Nairobi, na miaka yote iliyofuata hakulitaja jina la kaka yake mbele yetu.

Mjomba alipougua alituma ujumbe kwamba anataka kumwona dada yake. Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, akashona hata kitambaa kipya cha kichwa, na wiki hiyohiyo ndiyo akaanguka. Mjomba akafa Mama akiwa bado hawezi kusimama.

Kwao ugomvi husemwa ukamalizwa kabla jeneza halijashuka. Udongo ukishamwagwa, ugomvi unabaki na aliye hai, na kila aliyekuwapo anajua umebaki naye. Sisi tuliokulia hapa Eastlands huyaona hayo kuwa mambo ya wazee. Mama hakuyaona hivyo. "Nataka tu kumwambia nimemsamehe," aliniambia. "Maneno mawili. Na watu wake wasikie."

Binamu yangu, mtoto wa marehemu, alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Mazishi yangerushwa kwa video, nasi tungejiunga kwa programu ya mikutano. Baada ya watoto kusema, mchungaji angemwita Mama, na sauti yake ingetoka kwenye spika za pale kaburini. Nikamwambia binamu asiwe na wasiwasi, upande wa Nairobi una fundi.

Jumamosi hiyo nilipanga sebule kama ofisi. Niliunganisha laptopu na televisheni ili Mama, mwenye mtoto wa jicho, aone vizuri. Wanawake watatu wa kanisa lake walikuja kuketi naye. Mke wangu alipika chai. Programu ya mikutano nilikuwa nimeiweka Alhamisi, lakini sikuijaribu. Nilifungua habari kwenye kivinjari, zikafunguka, nikasema basi, mtandao upo. Mganga hajigangi, na mimi hata homa sikuihisi.

Wakati ulipofika nikabonyeza. Programu ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba hakuna mtandao. Nikafunga, nikafungua, ikaandika yaleyale.

"Hii simu yangu imeshika," mke wangu akasema kutoka jikoni. "Naliona hema. Naona hata jeneza."

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Simu ile ilikuwa inatumia waya uleule na rauta ileile, kile kisanduku cha kugawa mtandao. Kama simu imepita na laptopu imekataliwa, basi tatizo limo ndani ya laptopu, na hilo ningemweleza mteja yeyote bila kuinua macho. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni tupu, wanawake wa kanisa wakinitazama, na kichwani mwangu kulikuwa na jibu moja tu: mtandao wa yule jirani ni dhaifu, na simu ndizo zinazoumaliza.

"Zimeni simu zote," nikasema. "Zinakula mtandao."

Mke wangu akanitazama. "Si Mama azungumze na hii kwanza?"

"Mama haoni kitu kidogo hivyo. Zima."

Mama hakuhitaji kuona. Alihitaji kusema. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyofikiria dhambi zangu nyingine zote. Mke wangu alimgeukia Mama amwamulie, na Mama akasema, "Mwache Baba atengeneze. Anajua." Simu zikazimwa moja baada ya nyingine, pamoja na yangu.

Nikamwita jirani wa waya kutoka dirishani. Alipanda akiwa bado na koleo mkononi, akawasalimu wanawake, akampa Mama pole ya msiba kwa mikono miwili. Kisha akatoa simu yake akanionyesha video ikicheza bila kukwama.

"Fundi, net iko poa. Cheki. Shida iko ndani ya hiyo mashine yako. Si uzime hiyo fayawoli kwanza tuone?"

Ningemshukuru. Badala yake nilimwambia mbele ya watu wote kwamba kazi yake ni kupanda mapaa, basi apande, ya kompyuta aniachie mimi.

"Sawa, boss. Lakini kikulacho kiko nguoni mwako," akasema. Akamsogelea Mama. "Mama anaweza kutumia simu yangu, mimi sina haraka."

"Nimesema simu zizimwe," nikamjibu.

Akairudisha mfukoni, akashuka. Nikazima rauta nikaiwasha. Nikabadilisha waya. Nikapanda juu ya paa nikautazama waya wake kama ninayeusoma, na haukuwa na kosa lolote. Niliporudi Mama alikuwa amenyoosha kitambaa kipya kichwani na kuegemea mbele, mdomo ukitikisika. Alikuwa akirudia maneno yake asije akayasahau.

Nilipowasha laptopu upya ndipo nikaiona ngao ndogo, alama ya fayawoli, pembeni mwa saa ya skrini, ambayo macho yangu yalikuwa yameizoea mpaka yakaacha kuiona. Nikaibonyeza. Orodha ikafunguka. Programu ya mikutano ilikuwa ya kwanza kabisa, na kando yake neno moja: imekataliwa. Chini yake kulikuwa na kila dakika niliyojaribu, mstari juu ya mstari, na kila mara imekataliwa, kama nilivyoagiza. Niligeuza kataa ikawa ruhusu. Haikuchukua hata muda wa kukoroga sukari kwenye chai.

Picha ikaja televisheni nzima, kubwa, safi. Vijana wawili walikuwa wanasawazisha udongo kwa majembe. Kinamama walikuwa wanaimba.

"Wameshaniita?" Mama akauliza.

Binamu alituona, akasogea karibu na kamera akiwa amelowa jasho. "Shangazi, tulikuita mara tatu. Nikawapigia wote, simu hazipatikani. Wingu la mvua lilikuwa limefunga, mchungaji akasema tuendelee."

"Watu wamesema nini?"

Binamu alitazama pembeni kabla ya kujibu. "Wamesema ni sawa, Shangazi. Kila mtu na moyo wake."

"Nilikuwa hapa," Mama akasema. "Waambie nilikuwa hapa."

"Nitawaambia." Lakini nyuma yake watu walikuwa wanaondoka kaburini kuelekea kwenye sufuria za chakula, na ukishaona hivyo unajua hakuna tena wa kuambiwa.

Wanawake wa kanisa waliomba, wakaaga. Hakuna aliyenilaumu, na nilitamani angalau mmoja anilaumu. Nilimweleza Mama kisa cha fayawoli chote, tangu enzi za bando, kwa maneno mengi, kama anayeandika ripoti. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ni wewe uliyeiambia ikatae," akasema. Nikasema ndiyo.

Kwa jirani wa waya nilikwenda siku ya tatu. Nilimwambia nilikosea, akasema hakuna neno. Tangu hapo tukipishana ngazini namwambia niaje, ananijibu poa, na anaendelea kushuka. Zamani alikuwa anasimama.

Wiki mbili baadaye binamu alituma video ya mazishi yote. Mama akataka kuiona. Alikaa kitako, mikono mapajani, akatazama nyimbo, hotuba, watoto wa marehemu wakilia. Kisha mchungaji akainua kipaza sauti akasema sasa tumsikilize dada yake aliye Nairobi. Kimya. Akamwita tena. Unaona watu wakigeuza vichwa kuitazama spika. Mzee mmoja wa mbele anatikisa kichwa. Akaita mara ya tatu, akangoja, na hapo sikuweza kuvumilia, nikabonyeza kitufe picha ikasimama. Mchungaji akaganda na kipaza sauti mkononi, waombolezaji wote wakaganda, jeneza bado liko juu ya ardhi.

Nilipiga magoti kando ya kiti chake. Nilidhani nimepata dawa. "Sema sasa, Mama," nikamwambia. "Sema yote. Wanakungoja."

Aliwatazama watu wale kwa muda mrefu, mmoja mmoja, kama anayetafuta uso anaoujua. Mdomo wake haukutikisika safari hii.

"Kumbe unajua kuwasimamisha, Baba," akasema.

Akaniomba nizime, nimletee maji anywe dawa.