Wageni wa Mgonjwa

Siku akina mama wa mtaani kwetu Ipuli walipokuja kunipa pole ya ugonjwa, walinikuta nafua. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekonda, tena kwa makusudi.

Ilianzia kwa fundi cherehani. Alinipima sare ya harusi ya binamu yangu, akazungusha futi kiunoni, akasema mbele ya wateja, "Dada, kitambaa hakitoshi. Ongeza mita." Nikacheka na waliocheka, nikarudi nyumbani nikaacha ugali. Halafu wali, halafu mboga ya karanga. Mwezi wa kwanza njaa iliniuma. Wa tatu ilinyamaza, na mengine yote yakanyamaza nayo. Naenda kazini, narudi, nalala. Nisifiwe, nisemwe, yote sawa.

Mama mdogo, anayemfuata marehemu mama yangu, alikuja kwa treni kutoka Urambo na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha juani. Alinikumbatia mlangoni, akaniachia haraka. Nikamwamkia shikamoo, marahaba haikutoka. Kwetu mtu hakondi hivihivi. Ni maradhi au mawazo. Akatua kiroba, akatoka kwenda kwa majirani.

Ndio hao waliokuja kesho yake, watano, na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai na sauti za wodini.

"Pole mwanangu. Dawa unatumia?"

"Siumwi, mama. Napunguza mwili."

"Unaupunguza uupeleke wapi?" mmoja akauliza, na hakuna aliyecheka. Walewale walionitania unene miaka yote, leo wamekunja mikono mapajani! Nilijua napaswa kukasirika. Hasira sikuiona.

Walipoondoka, mama mdogo alichemsha michembe, akaichanganya na karanga za kutwanga, akaweka sinia moja mkekani. Nikasema nimeshiba. Hakubishana. Alinishika mkono juu ya kiwiko, na vidole vyake vikakutana.

"Mama yako alikuwa na mikono minene, kama uliyokuwa nayo," akasema. "Tangu tumzike, nikikukumbatia wewe namshika yeye. Jana nimeshika mifupa."

Nilitaka kulia, machozi yakagoma. Nikachukua kipande kimoja ili tu anyamaze. Kilikuwa cha moto na kitamu. Nikachukua cha pili. Kwenye cha tatu tumbo likaniuma, maumivu yaleyale ya mwezi wa kwanza.

"Mama mdogo, nina njaa," nikasema.

Akasogeza sinia upande wangu.

Sasa mikono imerudi, na kiuno pia. Fundi akisema kitambaa hakitoshi, naongeza mita, sicheki. Kusema naupenda mwili huu nitakuwa naongopa. Siku nyingi siuhisi kabisa. Lakini mama mdogo akishuka kwenye treni, namsogelea na kusimama kimya, nikimwacha amshike dada yake mpaka atosheke.