Siku Uji Wangu Ulipomfukuza Bundi

Sasa hivi mnaniona nacheka mpaka machozi, lakini siku yenyewe sikucheka, siku yenyewe niliomba ardhi inimeze mimi na mtungi wangu. Mpaka leo nikipita sokoni hapa Timau lazima atokee mtu wa kuita "Mama Bundi!" na mimi kama mjinga nageuka (sijui nageukia nini, jina langu ni Mama Makena). Basi wacha niwaambie mwenyewe ilivyokuwa, kabla hamjaisikia kwa wale wauza vitunguu wanaotia chumvi kila kitu.

Makena mnamjua, kitinda mimba wangu. Alikuwa akikata waridi kwenye shamba la maua, kazi ya kusimama tangu asubuhi na miiba ikikuchora mikono, na siku ya kupumzika badala ya kulala anachukua darubini ya kuazima anaingia msituni kutazama ndege. Nilimcheka sana huyo mtoto. Nilikuwa namwambia, "Makena, ndege sisi tunawafukuza kwenye ngano, wewe unawafuata wapi?" Halafu siku moja Bwana Mutwiri, yule mwenye gari la kutembeza wageni, akamsikia akimtambua ndege kwa mlio wake tu, bila kumwona, akasema huyu nitamjaribu.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Kulikuwa na wazee wanne wastaafu kutoka Embu, watu wa kupenda ndege, wakiongozwa na Mwalimu Njeru, mzee mwembamba wa miwani minene na masharubu meupe. Walitaka kushuka kwenye nchi kavu ya huko chini, wafike mtoni ndani ya mbuga, halafu waendelee kupitia Garissa mpaka pwani wakaone ndege wa baharini. Makena angewaongoza mpaka mtoni. Wakiridhika, angeenda nao mpaka baharini na kazi ingekuwa yake ya kudumu. Wasiporidhika, kuna kijana mwingine alikuwa akingoja Garissa awachukue, na Makena wangu angerudi kwa waridi. Garini kulikuwa na kiti kimoja kitupu, na Bwana Mutwiri akasema, "Mama Makena, panda uone kazi ya mtoto wako, na mambo yakienda sawa twende wote mpaka baharini." Mimi bahari! Mimi ambaye maji mengi niliyowahi kuona ni ya bwawa la shamba la mzungu.

Makena alinipa masharti mawili tu: usibebe chakula, na tukifika mtoni usiongee. La kutoongea nikasema Mungu atanisaidia. Lakini la chakula, aki, mimi nimelelewa vipi nitoke na wazee wa watu safari nzima mikono mitupu? Nikapika ucuru, ule uji wetu wa kuchachusha, nikauacha siku mbili ukakolea vizuri, nikaujaza kwenye mtungi wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Kwa sababu Bwana Mutwiri ana wivu na viti vyake kuliko mtu na bibi yake, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikafunga na mfuko juu, nikautia ndani ya kiondo, kikapu changu cha kusuka, na leso juu yake. Huko kukaza ndiko kulikoniua. Hapa kwetu baridi, uji unachacha polepole kwa adabu. Sasa nani alikuwa ameniambia kwamba huko chini joto linauamsha kama umechokozwa?

Tukaondoka Timau na ukungu bado umelala juu ya ngano. Na hapa niseme ukweli, hata kama siku iliisha vibaya, ile asubuhi sijawahi kuona nyingine kama hiyo. Tulishuka, tukashuka, sweta ikatoka, leso ikatoka, mlima ukabaki nyuma yetu ukiwa na kofia yake nyeupe, na mbele nchi ikafunguka, nyekundu, halafu ya kijivu, halafu ya rangi ambayo hata sina jina lake, na hewa juu ya barabara ikawa inacheza. Tulipita Isiolo, tukashika njia ya Kinna, na vumbi letu likatufuata nyuma taratibu. Kila mara Makena anasema kwa sauti ndogo, "Simameni hapo," na gari linasimama, na palipokuwa na kichaka tu cha miiba panatokea ndege wa buluu, wa kijani, wa kifua cha dhahabu, kana kwamba yeye ndiye aliyewaweka pale jana yake. Nilimtazama shingo yake kutoka kiti cha nyuma. Nikajiambia, huyu si yule ninayemwamsha kwa kelele. Nilikuwa najivunia, na pia naona haya, kwa sababu ya kumcheka miaka yote hiyo.

Mwalimu Njeru alikuwa ameketi karibu nami. Akaniambia anachotafuta yeye ni ndege mmoja tu, bundi mkubwa anayevua samaki, rangi ya chungwa. "Nimekuwa nikienda mto huo tangu nikiwa na nywele," akasema, "na kila mara naambiwa alikuwa hapa jana." Sasa mnajua kwetu bundi akilia juu ya nyumba anafukuzwa na kijinga cha moto, na huyu mzee mzima anamtafuta kama mke aliyepotea! Nikaomba kimoyomoyo, Mwathani, Bwana wangu, mwonyeshe tu huyo bundi, na usimruhusu atutazame sana.

Tulipofika mtoni Makena akasema tuache kila kitu garini. Bwana Mutwiri akabaki kupangusa vumbi, sisi tukateremka kwa miguu na askari mmoja wa mbuga mwenye bunduki, na mimi na kiondo changu. (Ndiyo, nilisikia amesema tuache kila kitu. Nilifikiri uji si kitu, uji ni uji. Nilikuwa nimejipangia kwamba wakishaona bundi wao, nitoe vikombe, wafurahi, na Makena apate sifa mara mbili.) Tukaketi chini ya mikoma, ile minazi ya nchi kavu yenye vichwa vingi. Maji yalikuwa ya kahawia, yanapita bila haraka, na mwanga umekatwakatwa na majani. Makena akasimamisha darubini kubwa ya miguu mitatu, akatafuta ndani ya mkuyu mweusi kwa kivuli, akatafuta, halafu nikaona mabega yake yakishuka. Akageuka, akatabasamu tu.

Walitazama mmoja mmoja. Yule wa kwanza akaziba mdomo. Nami nikaitwa nikatazama, na jamani, alikuwa mkubwa kama mtoto wa kubebwa mgongoni, rangi ya chungwa lililoiva, amefumba macho, amelala usingizi wake wa mchana kama hana deni na mtu. Uoga wote ukanitoka. Mwalimu Njeru alikataa kwenda kabla ya wenzake. Alisema yeye amengoja sana, dakika chache si kitu. Akavua miwani, akaanza kuipangusa polepole kama mtu anayejiandaa kwa meza ya Bwana.

Nami nikarudi kukaa kando ya kiondo, penye jua, nikaegemea mkoma. Joto, maji, ukimya. Usingizi ukanichukua hivi, kidogo tu, na nikajiona niko ufukweni na Makena, na bahari inakuja kwa miguu yetu ikisema ssss, inarudi, inakuja tena, ssss. Nikawaza, kumbe bahari ni ya upole hivi. Ssss. Halafu nikafungua jicho moja. Bahari ilikuwa inatoka ndani ya kiondo.

Nikafunua leso. Mtungi ulikuwa umevimba tumbo kama ng'ombe aliyekula majani mabichi, hata hausimami, unajiviringisha. Sasa mtu mwenye akili angeubeba pole pole akaupeleka mbali. Mimi nikasema nilegeze kifuniko kidogo tu, kimya kimya, hewa itoke. Nikatoa mfuko, nikaushika mtungi kwa magoti, nikazungusha kidogo.

PAA!

Msiniulize kifuniko kilienda wapi. Uji ulipanda juu kama umeitwa na ukashuka juu ya watu wote bila ubaguzi. Askari, ambaye amefunzwa mambo ya majangili, akasikia bunduki. "Laleni chini! Wote chini!" Na wale wazee wa Embu, watu wa magoti mabovu na presha, wakajitupa kifudifudi kwenye matope na uji, na mimi nikawalalia nikipiga kelele, "Woi, wanatuua!" (ndiyo, mimi, niliyejua vizuri ni nini kimelia). Tulilala pale tukisubiri risasi ya pili. Askari akagusa shavu lake, akanusa kidole, akakilamba. Akasema, "Ni uji."

Makena peke yake alikuwa amebaki amesimama, ameikumbatia ile darubini isianguke. Alikuwa anatazama mkuyu. Mkuyu ulikuwa mtupu. Mwalimu Njeru akainuka polepole, uji ukimtiririka kwenye masharubu, akauliza kwa upole, "Bado yupo?"

Hapo ndipo nilipotaka kufa. Wote walikuwa wamemwona. Hata mimi nisiyemtaka nilikuwa nimemwona. Aliyebaki ni yeye tu.

Makena hakunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Alitembea ukingoni, akasimama, akatazama ng'ambo mti kwa mti, na sisi tukabaki tumekaa kama watoto waliofanya makosa, nzi wameshaanza kufika. Nikasema moyoni, nimemrudisha mtoto wangu kwa waridi. Halafu akainua mkono. "Mwalimu, njoo haraka. Ule mti ulioinama."

"Miwani yangu!" Mwalimu akasema. Ilikuwa imejaa uji. Nikaruka mimi, nani mwingine, nikainyakua nikaipangusa na leso yangu, na hiyo leso ndiyo niliyokuwa nimefungia mandazi asubuhi. Nilipomvalisha, mafuta yalikuwa yameenea kioo chote kama umepaka kikaango. Bundi huyo akafungua mabawa, akapita juu ya mto kwenye jua, na akaenda zake.

Mwenzake mmoja akamuuliza, "Njeru, umemwona?"

Mwalimu alikuwa bado ametazama juu, mdomo wazi. "Nimeona rangi," akasema. "Kama jua linazama lakini lina mabawa."

"Hiyo haihesabiki, hukuona hata mdomo wake," mwenzake akasema.

"Nyamaza," Mwalimu akasema, na nikaona machozi yanachora njia ndani ya uji. "Nimemwona."

Tulipofika garini Bwana Mutwiri alikuwa ameshika kitambaa chake. Alitutazama, akatazama viti vyake, akatutazama tena. "Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi," Makena akasema. "Mimi ndiye kiongozi."

Sijui kama mnajua vile inavyokuwa mtoto wako akisimama mbele yako akachukua aibu yako. Nilipasuka kuliko mtungi. "Ni mimi! Alinikataza, nikabeba! Mnipeleke mimi hiyo Garissa mkanitupe huko, lakini huyu hana kosa!" Bwana Mutwiri akafungua mdomo, lakini Mwalimu Njeru akamwekea mkono wa uji begani, kwenye shati safi.

"Mutwiri, sikiza. Msichana huyu tunaenda naye mpaka baharini, na yule kijana wa Garissa umwambie asitungoje. Lakini mama yake..." Akanigeukia, akalamba masharubu, akafikiri. "Mama, uji wako ni mtamu kweli. Sijaonja mwingine kama huu tangu mama yangu afariki. Tafadhali, rudi nyumbani."

Basi walicheka mpaka askari akaegemea bunduki yake. Mimi peke yangu sikucheka. Pale Kinna Makena akanitafutia lifti kwenye pickup iliyokuwa imepeleka miraa, inarudi tupu mjini Maua, akanikumbatia, akapanda gari lao, na mimi nikabaki kando ya barabara na kiondo na mtungi mtupu, nikitazama vumbi lao mpaka likatulia. Baridi ya kwetu iliponirudia kule juu, nilijifunika leso iliyonuka uji na mandazi, na nikalia kidogo. Nilikuwa nimeitaka sana hiyo bahari.

Siku chache baadaye simu ikalia nikiwa shambani. "Mama, usiongee," Makena akasema. "Sikiza tu." Na nikasikia. Ssss, inaenda, inarudi. Haki ya Mungu, ilikuwa sauti ile ile ya kwenye kiondo. Nilisimama katikati ya viazi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuongea.

Alipofika nyumbani alikuwa mweusi kwa jua, amenenepa uso, kazi ni yake. Akasimama mlangoni akatoa mkobani chupa ya plastiki, akaniambia, "Mama, kwa vile hukufika, nimekuletea maji ya bahari yenyewe." Nikanyoosha mkono kuipokea, machozi tayari, halafu nikaiona ilivyojaa mpaka shingoni na kifuniko kimekazwa.

Nikarudi nyuma hatua. Nikamwambia, "Asante mwanangu. Lakini kwanza nenda pale nje, mbali na kuku, ukalegeze kifuniko."